Klabu ya redio ya ridhaa: kutoka kusikiliza hadi kushika maikrofoni

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na watu wenye leseni ili kujifunza, kuzungumza wao kwa wao na kufanya majaribio ya kiufundi, bila malipo wala biashara. Ndivyo inavyotambuliwa katika kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, na kwa sababu hiyo imetengewa masafa yake duniani kote. Mwanaredio wa ridhaa si mtangazaji. Hapigi muziki, hahutubii umma, na haruhusiwi kuficha maana ya ujumbe wake kwa mafumbo. Wala hafanani na mlinzi wa getini mwenye redio kol. Redio ya mlinzi imefungwa kwenye chaneli iliyolipiwa na kampuni, ilhali mwanaredio wa ridhaa huchagua masafa mwenyewe, hujenga antena yake na, akitaka, huunda hata mtambo wenyewe. Kwa kuwa amepewa uhuru mkubwa hivyo, hutakiwa kuthibitisha kwanza kwamba anajua anachokifanya.

Leseni hupewa mtu mmoja mmoja, lakini ufundi wake hupatikana kwa watu. Kitabu kitaeleza antena ni nini; hakitasimama chini ya mnazi kuonyesha jinsi ya kurusha kamba juu ya makuti. Ndiyo maana karibu kila anayedumu katika shughuli hii alianzia kwenye klabu au kwa mtu aliyelelewa na klabu.

Vyama na mtandao wao

Vyama vya kitaifa vimeunganishwa na IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa ulioundwa Paris mwaka 1925. Tarehe ya kuundwa kwake, 18 Aprili, huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Redio ya Ridhaa Duniani. Umoja huo umeigawa dunia katika kanda tatu, na Afrika imo katika Kanda ya 1 pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Kenya ina Amateur Radio Society of Kenya, Uganda ina Uganda Amateur Radio Society, na Tanzania ina Tanzania Amateur Radio Club. Ng'ambo ya bahari, Oman ina chama cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1972. Sultan Qaboos bin Said mwenyewe alikuwa mwanaredio wa ridhaa, na alama yake hewani ilikuwa A41AA.

Jumuiya ya wanaredio wa ridhaa Afrika Mashariki ni ndogo, na udogo huo una faida. Kwanza, mgeni hatapotea katika umati: akijitokeza, wanachama humjua kwa jina na humpa kazi. Pili, nchi zenye vituo vichache hutafutwa sana na wanaredio wa nchi nyingine, hivyo anayeanza Morogoro au Kisumu hujibiwa upesi kuliko anayeanza katika jiji la Ulaya lenye mamia ya vituo.

Anayetafuta klabu huanzia kwenye chama cha kitaifa. Asipokipata, huuliza kwa msimamizi wa masafa: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, TCRA kwa Tanzania, au UCC kwa Uganda. Idara za uhandisi za vyuo vikuu na vikundi vya skauti pia huwa na watu wanaoijua njia. Klabu nyingi humpokea mtu kabla hajapata leseni. Hukaa pembeni ya mtambo, husikiliza, huandika kumbukumbu, na anaweza kuanza kusaidia siku hiyohiyo.

Kusikiliza kwanza

Hatua ya kwanza ni kusikiliza, na katika nchi nyingi kusikiliza masafa ya ridhaa hakuhitaji leseni. Kinachohitajika ni redio ya masafa mafupi yenye uwezo wa kupokea SSB, mtindo wa kurusha sauti ambao wanaredio wa ridhaa huutumia kwa sababu hubana nafasi hewani na kuokoa nguvu. Kwenye redio ya kawaida sauti ya SSB husikika kama bata anayelia ndani ya debe. Kwenye redio inayofaa, msikilizaji huzungusha kitufe taratibu mpaka sauti ikae sawa na maneno yaeleweke. Asiye na redio hiyo anaweza kuanza na simu: Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi kilichounganishwa na intaneti ambacho mtu yeyote anaweza kukiendesha akiwa popote.

Msikilizaji hujifunza upesi kwamba anga ina ratiba yake. Mawimbi ya kati ya megahezi 3 na 30 hupanda hadi ionosfia, tabaka la hewa lililochajiwa na miale ya jua, kisha hupindwa na kurudishwa ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Sehemu ya ionosfia iliyo muhimu zaidi, iitwayo F, iko kati ya kilomita 200 na 400 hivi juu ya ardhi. Chini yake kuna sehemu ya D, ambayo hujengeka mchana na kumeza masafa ya chini. Kwa hiyo bendi ya mita 80, kwenye megahezi 3.5, hupooza mchana na kuchangamka usiku, ilhali bendi ya mita 10, kwenye megahezi 28, hufunguka mchana na kufifia baada ya jua kuzama. Bendi ya mita 20, kwenye megahezi 14, ndiyo farasi wa kazi: alasiri na jioni Afrika Mashariki huisikia Ulaya vizuri. Juu ya yote hayo kuna mzunguko wa madoa ya jua wa takriban miaka 11. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019 na kufika kileleni mwaka 2024, na miaka iliyo karibu na kilele huwa mizuri kwa bendi za juu.

Zoezi zuri la masikio ni minara ya ishara ya kimataifa. Mpango wake una vituo 18 vilivyotawanywa duniani, vinavyorusha kwa zamu kwenye megahezi 14.100, kila kimoja kwa sekunde 10, na zamu hurudi kila baada ya dakika 3. Kituo hutaja alama yake kwa Morse, kisha hupiga milio minne ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa mwisho kwa sehemu ya kumi ya wati. Kenya imo katika orodha hiyo kwa alama 5Z4B. Msikilizaji akihesabu milio aliyoisikia, hujua papo hapo njia ya kuelekea upande huo wa dunia iko wazi kiasi gani, na hujionea kwamba nguvu ndogo husafiri mbali njia ikiwa nzuri.

Mtihani na alama ya wito

Mtihani hupima mambo manne: sheria na taratibu, misingi ya umeme, namna redio na antena zinavyofanya kazi, na usalama. Viwango hutofautiana. Uingereza ina ngazi tatu za leseni. Marekani pia ina tatu, na ya kwanza hupatikana kwa maswali 35 ya kuchagua, ambayo mtahiniwa hutakiwa kupata 26. Zamani kila aliyetaka kutumia masafa mafupi alilazimika kujua Morse. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliondoa sharti hilo la kimataifa na kuiachia kila nchi uamuzi, na nyingi zimeliacha. Hata hivyo Morse bado inapendwa, kwa sababu hupenya pale sauti inaposhindwa na mtambo wake ni rahisi kuuunda.

Madarasa ya klabu hulenga kuyaunganisha maswali ya mtihani na meza ya kazi. Mfano ni hesabu ya umeme. Redio ya kawaida ya wati 100 huvuta ampea 20 hivi kwa volti 13.8 inaporusha. Zidisha, upate wati 276. Tofauti kati ya kinachoingia na kinachotoka hewani ni joto, na ndiyo sababu redio ina mbavu za alumini na feni mgongoni. Hesabu hiyohiyo hueleza kwa nini waya mwembamba wa spika haufai kuunganisha redio na betri ya gari: utapata moto, volti zitashuka, na redio itajizima katikati ya sentensi.

Aliyefaulu na kupewa leseni hupata alama ya wito, ambayo ni yake peke yake duniani. Herufi za mwanzo hutaja nchi: 5Y na 5Z ni Kenya, 5H na 5I ni Tanzania, 5X ni Uganda, 9X ni Rwanda, 9U ni Burundi, 9Q hadi 9T ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na A4 ni Oman. Kwa kawaida vituo vya Tanzania Bara huanza na 5H3 na vya Zanzibar na 5H1. Katika kadi za zamani, za enzi ya Waingereza, Zanzibar ilikuwa VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4 na Uganda VQ5.

Antena ya kwanza

Fedha nyingi huenda kwenye redio, lakini matokeo mengi hutoka kwenye antena, na antena nzuri ya kuanzia inaweza kujengwa kwa asubuhi moja. Ni waya uliokatwa katikati, nusu moja huku na nusu nyingine kule, na kebo ya antena ikaunganishwa pale katikati. Urefu wake wote kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 7.1, katika bendi ya mita 40, jibu ni mita 20 na kidogo, yaani kila mkono mita 10.

Waya wa umeme wa nyumba unatosha. Katikati huwekwa kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu, ili uzito wa kebo ubebwe na bomba badala ya kuning'inia kwenye maungio. Ncha mbili hufungwa kamba za nailoni. Kuipandisha, mtu hufunga jiwe kwenye uzi wa kuvulia samaki, hulirusha juu ya tawi kwa manati, kisha uzi huvuta kamba na kamba huvuta antena. Waya huachwa mrefu kidogo kuliko hesabu inavyosema, kwa kuwa kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Mmoja hukaa kwenye redio akisoma kipimo cha mawimbi yanayorudi, mwingine hukata sentimita chache kila upande kwa usawa, na kazi huendelea mpaka kipimo kishuke chini ya 1.5. Sharti moja halina mjadala: antena isipite juu, chini wala karibu na nyaya za umeme wa barabarani.

Antena hiyo ikiwa mita 10 tu kutoka ardhini, sehemu kubwa ya nguvu zake huelekea juu na kurudi chini kama mvua kwenye eneo la mamia ya kilomita. Kwa anayetaka Brazili huo ni upungufu. Kwa klabu inayotaka Nairobi izungumze na Mombasa, au Dar es Salaam na Arusha, bila mnara wala setilaiti, hicho ndicho hasa kinachotakiwa.

Adabu za hewani

Kabla ya kuita, mwanaredio husikiliza, kisha huuliza kama masafa yana mtu, husubiri na kuuliza tena. Kukiwa kimya huita CQ, yaani wito kwa yeyote, akitaja alama yake kwa maneno ya kimataifa ya herufi: 5Z4B husomwa Faiv, Zulu, Fo, Bravo. Anayejibu hutaja alama yake. Hufuata ripoti ya usikivu: tarakimu ya kwanza, hadi 5, hueleza maneno yanavyoeleweka, na ya pili, hadi 9, hueleza nguvu ya mawimbi. Baada ya hapo ni jina, mahali, mtambo na hali ya hewa, na mazungumzo hufungwa kwa 73, salamu ya kuagana iliyorithiwa kutoka kwa wapiga simu za maandishi. Kiingereza ndicho hutawala katika mazungumzo ya mbali. Majirani wa Afrika Mashariki wanaweza kuendelea kwa Kiswahili baada ya kutaja alama zao.

Kila mazungumzo huandikwa: tarehe, saa, masafa, alama ya mwenzako na ripoti zote mbili. Saa huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, mchana inatosha kuongeza tatu: saa nne asubuhi ni 0700, saa tisa alasiri ni 1200. Jioni na usiku huongezwa kumi na tano, hivyo saa mbili usiku ni 1700. Saa tisa usiku ndipo siku ya UTC inapogeuka, na makosa mengi ya tarehe katika madaftari hutokea hapo.

Wengine huthibitisha mazungumzo kwa kadi za QSL zinazotumwa kwa posta au kupitia vyama. Kadi hizo, au kumbukumbu za kielektroniki, ndizo ushahidi wa tuzo. Chama cha Marekani, ARRL, hutoa tuzo maarufu kwa aliyethibitisha nchi na maeneo 100.

Shughuli za mwaka mzima

Kalenda ya klabu hujengwa juu ya matukio yanayojulikana. Wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba huwa na mashindano makubwa ya sauti ya CQ World Wide, na ya Novemba ni ya Morse. Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika eneo la 37 la mashindano hayo, na kituo kimoja hapo kinaweza kuitwa na mamia kwa wakati mmoja. Kumchomoa mmoja katika kelele hizo, kumjibu kwa sekunde chache na kumrukia mwingine ni ustadi unaojifunzwa kwa kukaa kando ya mwenye uzoefu.

Oktoba pia ni mwezi wa jamborii ya skauti ya hewani, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Klabu hupeleka mtambo shuleni au kambini na vijana huzungumza na skauti wa nchi nyingine. Kwa Kenya tukio hilo lina uzito wa pekee, kwani mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, amezikwa Nyeri. Visiwa navyo vina mpango wake wa kimataifa: Zanzibar imesajiliwa humo kama AF-032, na klabu inayovuka na redio, betri na waya kwenda visiwani huwa na wateja wengi hewani.

Upande wa anga za juu, tangu Februari 2019 Afrika ina bahati ya kuwa chini ya QO-100, mtambo wa ridhaa uliopandishwa kwenye setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Setilaiti hiyo haisogei angani. Iko juu ya ikweta, karibu nyuzi 26 mashariki, na huangaza kutoka Brazili hadi Thailand. Kwa mtu aliye Nairobi au Dar es Salaam iko karibu na utosi, ikielemea magharibi, hivyo sahani ya kawaida ya televisheni huigeukia bila kuzuiwa na ghorofa za jirani. Sauti husafiri zaidi ya kilomita 70,000 kwenda na kurudi, na anayerusha hujisikia mwenyewe baada ya robo sekunde.

Siku ya dharura

Desemba 2004 kikundi cha wanaredio wa India kikiongozwa na Bharathi Prasad kilikuwa visiwa vya Andaman kikirusha kwa alama VU4RBI, safari ya kawaida ya kuwapa wenzao eneo adimu. Tarehe 26 tsunami ilipiga. Mtambo ulioletwa kwa ajili ya burudani uligeuka kiungo cha visiwa na bara, ukipokea na kupeleka habari za walionusurika. Mawimbi hayohayo ya bahari yalifika hadi Somalia, Kenya na Tanzania.

Uwezo wa namna hiyo hautokei siku ya msiba. Klabu huujenga kwa vikao vya hewani vya kila wiki, ambapo msimamizi mmoja huita vituo kwa zamu na kila kimoja hujibu kwa ufupi. Hufundisha pia uandishi wa ujumbe rasmi: namba, uzito wa ujumbe, anayetuma, saa na idadi ya maneno. Idadi hutajwa ili mpokeaji ahesabu alichoandika. Zikipishana, neno limedondoka njiani na ujumbe hurudiwa. Kanda ya 1 imependekeza mahali pa kukutania wakati wa dharura, kwenye megahezi 3.760, 7.110, 14.300, 18.160 na 21.360, na wengine wote hutakiwa kupisha masafa hayo yanapotumika.

Gharama, vikwazo na wajibu

Kikwazo cha kwanza ni fedha, na jibu la klabu ni mtambo wa pamoja. Mwanachama anaweza kurusha kwa miaka bila kumiliki zaidi ya redio ya mkononi ya wati 5, inayofika makumi ya kilomita ikisaidiwa na ripita, yaani mtambo wa kupokea na kurusha upya mawimbi, iliyo kilimani. Anayetaka masafa mafupi kwa bei nafuu hugeukia Morse au FT8, mtindo wa kidijitali uliotoka mwaka 2017, ambao hutuma ujumbe mfupi kwa vipande vya sekunde 15 na kusomeka hata sikio lisiposikia kitu. Betri na paneli ya sola vinatosha kuendesha kituo kama hicho.

Kikwazo cha pili ni kelele. Balbu duni za LED, chaja za simu na inveta za sola hutoa mngurumo unaofunika mawimbi dhaifu. Mbinu ya kuupata ni kuzima swichi kuu ya nyumba, kuendesha redio kwa betri, kisha kuwasha kifaa kimoja kimoja mpaka mngurumo urudi. Cha tatu ni forodha: vifaa vya kurushia huhitaji kibali, na busara ni kumuuliza msimamizi wa masafa kabla ya kuagiza.

Mwanachama naye hudaiwa. Hulipa ada, huhuisha leseni kwa wakati, hushika kamba siku ya kupandisha mnara na huongoza kikao cha hewani zamu yake ikifika. Zaidi ya yote hutakiwa kufundisha. Katika nchi yenye vituo vichache, mtu mmoja anayehama au kuzeeka bila kuacha mwanafunzi anaweza kuondoka na ujuzi ambao hakuna mwingine anao. Kwa hiyo klabu makini humpangia kila mwenye leseni mpya mwanafunzi wake wa kwanza mapema, wakati bado anakumbuka ni mambo gani yalimtatiza.